Mikia ya Teistbotn

Kifuniko cha birika kiligonga jikoni mara mbili, kikanyamaza. Nikajua baba ameamka, na kwamba ameliondoa birika motoni haraka ili asimwamshe mjukuu wake. Ilikuwa asubuhi, watu wanajiandaa kwenda kazini, lakini dirishani giza lilikuwa zito. Huku kaskazini ya mbali, jua lilikwisha kutuaga hadi Januari.

"Nimekuamsha?" akauliza nilipoingia.

"Saa ingeniamsha tu, baba."

"Saa yako haipiki kahawa." Akanimiminia. Alikuwa amekuja mjini kwa basi, mashua yake kaiacha imefungwa nyumbani, na tangu afike alikuwa akiitazama mikono yangu kila nirudipo kazini, kana kwamba jibu lingekuwa limeganda vidoleni. "Leo ndiyo leo?"

"Leo tunafungua chupa ya mwisho ya sampuli za ghuba."

Mgodi wa shaba ulio juu ya kijiji chetu unataka kumwaga mchanga wake wa taka katika ghuba ya Teistbotn, palepale baba anapotega uduvi, na babu yake alipotega. Wakubwa wa serikali waliweka sharti moja. Sakafu ya bahari ikikutwa ina aina nyingi za viumbe, mgodi utafute pengine. Ikikutwa maskini, ruhusa itolewe. Na kwenye bahari yetu ya baridi, viumbe wa sakafuni kwa sehemu kubwa ni minyoo. Kazi yangu mimi ni kuwatambua minyoo.

"Utawakuta wengi," baba akasema. "Wale vijana wa vipimo niliwaonyesha mahali mwenyewe. Tena nilihakikisha hawapaumizi. Walikuja na taya zao za chuma, za kuchotea matope, wamezifunga vyuma vya uzito huku na huku. Nikawaambia, wanangu, kwenye mashua yangu hamshushi dude kama hilo na vyuma vyake, mtapararua pale chini. Vueni. Wakavua."

Maneno yale yalinipita. Nilikuwa namfukuza Tiril, binti yangu, na kijiko cha mafuta ya ini la samaki.

"Babu anywe kwanza!"

"Babu ameshakunywa ndoo nzima maishani," baba akamjibu. "Ndiyo maana anateleza kwenye barafu."

Tiril akacheka, na mdomo ulipofunguka nikakiingiza kijiko.

Maabara ilikuwa inanuka spiriti kama kawaida. Torgunn, mkuu wetu, ndiye aliyenifundisha kazi hii kwenye masomo ya jioni, mimba ya Tiril ikiwa kubwa hata nikalazimika kukaa upandeupande ili niifikie hadubini. Kwa kuwa ghuba ni ya kwetu, kila mnyoo niliyempa jina Torgunn alimkagua upya. Sikuona vibaya. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Nikamwaga chupa kwenye sahani, nikashika kibano. Alitoka mwenye magamba mgongoni, yule anayeyapukutisha ukimgusa tu, nikamgusa kwa pumzi badala ya chuma. Akatoka mwembamba kama uzi wa kushonea, miguu yake mingi imelala upande mmoja. Nilikuwa nawasemesha moyoni, njooni, wanangu, njooni.

"Dada Ingvild," Brynjar akaniita kutoka meza ya pili, "unafanya kazi au unasali?"

"Vyote."

"Basi niombee na mimi nipate hata mmoja. Chupa yangu ina mawe matupu."

Hesabu ilikuwa inapanda. Zilibaki aina chache sana kufikia daraja la juu, lile la kuukataza mgodi, na chini ya sahani kulikuwa bado na lundo. Nikalisogeza kwenye mwanga. Walikuwa minyoo mianzi! Tunawaita hivyo kwa sababu miili yao ina vifundo virefu kama mwanzi. Huyu mkia wake ulikuwa faneli yenye pindo la meno madogo. Huyu mkia kama sahani iliyoinama. Na mwingine, na mwingine tena, mikia mizuri kama maua ya theluji. Aina tatu, labda nne. Zilitosha, na zaidi.

Nikatafuta vichwa. Nikageuza kila kipande, kisha nikavigeuza tena vyote. Nikaichungulia chupa, nikaisuuza kwa spiriti, nikaichungulia tena.

Hapakuwa na kichwa hata kimoja.

Torgunn akaja, akainama kwenye hadubini yangu, akakaa humo muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama.

"Unajua utaratibu, mwanangu."

"Vichwa tu."

"Vichwa tu. Tukihesabu mikia, mnyoo mmoja aliyekatika atakuwa wawili, na kesho mgodi nao utatuletea mahesabu yake ya vipande."

"Lakini Torgunn, hawa wanaishi kichwa chini! Wamesimama ndani ya matope, mkia ndio unaobaki juu. Taya hazikuzama vya kutosha, zimewakata kiunoni. Vichwa vimebaki kule."

"Naona. Hilo naliona."

"Basi tuchote upya. Kwa taya zenye uzito."

"Matope ndani ya taya yamefika kwenye mstari wa kiwango. Kwa shida, lakini yamefika, kwa hiyo chupa ni halali. Na wakubwa wanakaa kikao kesho." Akaniwekea mkono begani. "Nitaandika kwamba mikia ilikuwapo. Daraja halitasogea, lakini nitaandika. Ungekuwa mgodi wa baba yako na ghuba ya mtu mwingine, ungenitaka nifanyeje?"

Nikakiweka kibano mezani. Ndipo maneno ya baba ya asubuhi yalipofika. Vueni. Wakavua.

Brynjar alinisogezea kipande cha chokoleti bila mzaha wowote, nami nikakishika mpaka kikayeyuka.

Nilimchukua Tiril chekechea, tukatembea gizani, kiakisi-mwanga cha koti lake kikiwaka kila gari lilipopita. Njia nzima nilitunga uongo. Nitasema maji yalikuwa na mkondo. Nitasema vijana walikosea mahali. Lakini baba anaijua Teistbotn kama mimi ninavyoujua uso wa Tiril, na mlango ulipofunguka alikuwa amesimama palepale, kitambaa cha vyombo mkononi, akiitazama mikono yangu.

"Haikufika," nikasema.

"Haikufika nini?"

"Daraja. Hesabu imepungua kidogo tu, baba."

"Kidogo," akarudia. Akakaa. Sufuria ya viazi ilikuwa inachemka na hakuna aliyeisogelea. "Walikufa? Chini kule wamekufa?"

"Hawajafa. Wapo. Nimeona mikia yao."

"Sasa?"

Tiril alikwisha kupanda kwenye kiti, akitaka kujua mkia wa nani. Dirisha la jikoni lilikuwa limejaa mvuke, nikaona afadhali niongee na mtoto kuliko na yeye. Kwa kidole nikachora mstari wa matope, na mnyoo aliyesimama ndani yake, mkia juu, kichwa chini kabisa. Kisha nikachora taya, zikiuma juujuu.

"Zikifumba hapa," nikasema, "zinapata mkia peke yake. Na sisi huwa tunahesabu vichwa."

"Kwa nini hazikwenda chini zaidi?" Tiril akauliza.

Nikafungua mdomo. Uongo wangu wote wa njiani ulikuwapo, umepangwa vizuri, na hakuna hata mmoja uliotoka.

"Zilikuwa nyepesi," baba akasema taratibu. Alikuwa anautazama mchoro, matone yameanza kutiririka kutoka kwenye mkia. "Niliogopa wangeparuliwa, Ingvild."

"Najua, baba."

"Nilitaka waguswe polepole."

"Najua."

Nikamshika mkono, mgumu na baridi kama kamba ya mashua, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Tiril akasogea dirishani, akaweka kidole chake penye kichwa cha yule mnyoo, chini kabisa ambako mvuke ulikuwa haujatiririka.

"Kichwa chake bado kiko kwa babu."