Mitego Mitano, Vyumba Sita

Mimi sikuzaliwa na mdomo wa kubembeleza, na mke wa mwanangu analijua hilo tangu wiki ya kwanza alipoolewa. Kwa hiyo aliposimama mlangoni kwangu na kijumba cha karatasi mkononi akasema, "Samahani Mama, hiki nakiweka chini ya kitanda chako," nilimuuliza tangu lini nimekuwa panya.

"Si cha panya, Mama. Ni mtego wa wadudu wa mazulia."

"Na hilo zulia liko wapi? Mimi hapa nakanyaga saruji."

Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kapu langu la sufu, pale pembeni penye sindano zangu za kufumia. Nikaelewa. Damu ilinipanda kichwani, lakini mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, nikanyamaza.

Huyo mtoto ndiye mjukuu wangu wa pekee. Tunamwita Kifaranga kwa ajili ya vinywele vyake vilivyosimama. Mwezi ule shingo na mgongo vilikuwa vimejaa vipele, anajikuna mpaka damu. Daktari alisema si kunguni wala si joto, huenda ni vinyweleo vya viwavi wa mbawakawa fulani, wadogo kama mbegu ya ufuta, ambao viwavi wao hula sufu na manyoya. Akasema dawa ya kupaka peke yake haitasaidia kitu, mtafute viwavi wako wapi. Mke wa mwanangu anauza mazulia katika duka moja kubwa, na huko mitego ya kuwachunguza wadudu hao wanayo, akaja na mitano.

Jioni ile alitukalisha sebuleni, mimi na mwanangu, akatuonyesha. Sakafu ya kijumba ina gundi, na katikati kuna kidonge chenye harufu ya jike. Dume likinusa linadhani limeitwa, linaingia lenyewe, gundi inalishika miguu.

"Hawana tofauti na marehemu baba yako," nilimwambia mwanangu.

Mwanangu alicheka. Mkewe hakucheka.

"Mtego hauwamalizi," alisema. "Kinachokula ni kiwavi, na kiwavi hafuati harufu hii. Unatuonyesha tu walipo. Wanaponaswa wengi, kiota hakiko mbali."

"Na kikiwa karibu na mimi?"

Hapo mwanangu akaanza kukagua kucha zake. Nimemzaa, namjua. "Mama, kama ni kwako, sufu yote itabidi itoke ikachomwe. Na wewe ukakae kwa kaka kwanza, mpaka mtoto apone."

Kwanza! Kaka yake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumba yake ni kufuli na vumbi, kukaa kule ni kuongea na ukuta. Na huyu Kifaranga nimembeba tangu kitovu hakijaanguka. Wazazi wake wakienda kazini yeye ni wangu mpaka jioni, usingizi wake wa mchana anaulala kitandani kwangu. Hiyo "kwanza" ya mwanangu naijua vizuri. Ukishatoka nayo, hurudi.

Basi mitego ikawekwa: sebuleni, jikoni, stoo, kwenye korido, na kwangu. Tangu saa ile nyumba ilibadilika. Tulikula tukiangalia sahani. Mke wa mwanangu akipita na ufagio, nami najiuliza anatafuta nini. Nikimuosha mtoto, naye anasimama nyuma yangu kuhesabu vipele. Moyoni nikampa jina, nikamwita Hakimu.

Niseme ukweli wote. Mimi na yeye tulikuwa na donge la zamani. Kabla ya Kifaranga walipata mtoto mwingine, wa kiume. Nilimfumia sweta la manjano na kofia yake, miezi mitatu nafuma. Mtoto alikuja akalia mara moja, akaondoka. Baada ya mazishi nilimuuliza mama yake lile sweta liko wapi, akanijibu bila hata kugeuka, "Nimeligawa." Yaani hivyo tu, kama mtu aliyegawa sufuria kuukuu. Nikasema huyu mwanamke kifuani ana jiwe, na hilo neno nililiweka, sikulitoa.

Jumamosi akaikagua mitego. Wa jikoni dume mmoja, wa sebuleni hakuna, wa stoo hakuna, wa korido watatu. Akainama chini ya kitanda changu akatoka na kijumba, na kabla hajasema nikaona uso wake. Gundi ilikuwa imejaa madoa kama pilipili manga iliyomwagika.

"Mama," alisema taratibu, na ule utaratibu ndio ulioniudhi zaidi.

"Sufu yangu naianika juani na kuikung'uta kila wiki! Lete kitambaa cheupe, mimina kapu lote, ukikuta hata kiwavi mmoja nitamtafuna mbele yako."

Tulimimina. Hatukukuta kitu. Lakini mtego ulikuwa umeshasema, na mwanangu alitoka nje na simu. Nilimsikia akimuuliza kaka yake funguo za akiba anaziacha wapi.

Jumatatu nilibaki peke yangu na mtoto. Nikauvuta mtego wangu, nikaushika, nikautazama ule wa sebuleni uliokuwa mtupu. Kuubadilisha ni kuinama na kuinuka tu. Ningesema ilichanganywa Jumamosi, nani angebisha? Kifaranga alikuwa ananichekea kutoka kwenye mkeka. Nikaurudisha. Mdomo mchafu ninao, nakubali, lakini mkono mchafu sina. Kisha nikaanza kukunja nguo zangu nikilia kwa hasira, na yule mtoto anazikunjua moja moja.

Jumanne ikaanza mvua. Ilinyesha wiki nzima bila aibu, nami nikafunga dirisha langu, ambalo siku zote huwa wazi kwa sababu linatazama maua ya uani. Jumamosi iliyofuata mtego wangu haukuwa umeongeza hata dume mmoja. Wa korido ulikuwa na kumi na zaidi.

"Haya, Hakimu," nikasema, lile jina limenitoka. "Wadudu wa sufu yangu wameshiba? Wamefunga saumu?"

Alikwenda dirishani, akatazama maua yale yaliyolowa, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Jamani! Dukani hatuweki karibu na dirisha. Wakishapata mbawa wanatoka nje kula chavua ya maua. Mtego wako ulikuwa unawaita wa uani, Mama. Nimekukosea."

Aliomba radhi mbele ya mumewe, na hilo nalisema kwa haki. Lakini sikuwa nimemaliza.

"Na hao wa korido? Huko hakuna dirisha. Korido inaishia mlangoni kwenu. Mitego mitano, nyumba ina vyumba sita. Kwenu mbona hukuweka?"

"Kwetu hakuna sufu."

Alijibu haraka mno. Mimi nimeishi miaka mingi, najua jibu lililokuwa limekaa tayari mdomoni. Na usiku mtoto analala kwao, si kwangu.

Sasa, chumba cha mwanangu na mkewe sikuwa nimewahi kuingia. Mama mwenye adabu zake haingii chumba cha mkwewe, hata nyumba ikiungua atapiga kelele nje. Kwa hiyo sikuingia. Nilichukua mtego wangu nikausukuma kwa mguu mpaka kwenye kizingiti chao, nikauacha pale. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mke wa mwanangu aliuona, akauruka kila asubuhi akienda kazini. Alikuwa hali vizuri. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nakula kwa mara ya kwanza tangu mitego iingie.

Ulipofunguliwa Jumamosi iliyofuata, wapya walikuwa wamewalalia wale wa zamani hata gundi haikuonekana.

"Ni humu," mwanangu alisema, akafungua mlango kwa kishindo. Mimi nikabaki kizingitini na Kifaranga mkononi. Akavuta godoro, akainua mazulia madogo ya nailoni ya kando ya kitanda, akageukia kabati. Mkewe akalikimbilia akaliegemea kwa mgongo.

"Hapa usifungue."

"Mtoto anachubuka ngozi, we mwanamke! Toka!"

"Nitafungua mwenyewe. Nyinyi mkishatoka."

"Una nini humo?"

Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nimeshinda. Nilikuwa nimeshachagua na maneno ya kumwambia, yamepangana ulimini. Mwanangu alimsogeza kwa bega, akafungua, akatupa nje nguo, viatu, mikoba, mpaka chini kabisa kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa fundo. Akaufungua na kuukung'uta kitandani.

Likadondoka sweta la manjano.

Lilikuwa limetobolewa kama chujio. Mkono mmoja ulikuwa unashikiliwa na nyuzi mbili tatu. Viwavi wenye manyoya wakatambaa juu ya shuka, na kofia ikafuata, nayo imeliwa nusu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanawasema watu.

"Ulisema umeligawa," nikasema.

"Ningesema nini, Mama?" Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. "Ulilitaka. Ningekupa, ningebaki na nini? Alilivaa siku ile moja. Sikulifua. Sikuwahi hata kulifungua, niliogopa harufu yake itatoka."

Mwanangu alisimama kama mti. Kisha, kwa kuwa wanaume wakishindwa kulia hutafuta kazi, akazoa vyote kwa shuka. "Inatosha. Hivi vinachomwa sasa hivi."

Mke wa mwanangu hakupiga kelele. Alifumba macho tu, akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ya Kifaranga. Hicho kichwa chake ndicho kilichonimaliza.

"Weka chini!" nilimfokea mwanangu. "Hakuna kinachochomwa hapa. Unajua hili sweta nililifuma siku ngapi? Shuka chemsha, kabati lisugue, nyufa zote zinyonywe vumbi. Hili lifungwe kwenye mfuko wa plastiki likalale kwenye friza, huko dukani kwenu si ndivyo mnavyofanya?"

"Wiki mbili," mkewe alinong'ona. "Baridi inawaua wote, na mayai."

"Basi wiki mbili."

Nikampa mwanangu mtoto. Nikaenda chumbani kwangu, nikapita kando ya sanduku langu lililofungwa kamba tayari, nikaingiza mkono kapuni mpaka chini kabisa, chini ya nyekundu na bluu na kijivu, nikatoa kile nilichokuwa sijawahi kumwonyesha mtu. Kilikuwa kibonge cha uzi wa manjano, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Masalio ya lile sweta. Siku tulipokuwa tunamimina kapu juu ya kitambaa cheupe nilikuwa nimekificha kwapani, nikiogopa atakiona na kukitupa.

Nilirudi, nikakiweka mapajani mwake. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, akanitazama mimi.

"Na wewe?" alisema.

"Na mimi nini? Lia upesi, tuna kazi."

Tukalia wote wawili, kwa sauti, bila adabu. Kifaranga akashangaa mpaka akaacha kujikuna. Ni mwanangu aliyeniambia baadaye kwamba nilikuwa nimekaa kitandani kwao, katikati ya chumba, na ndala zangu miguuni.

"Utakwenda kwa kaka, Mama?" mke wa mwanangu aliniuliza, akijifuta pua kwa kiganja.

"Na haya matundu atayaziba nani?" nikamwambia. "Sogea huko, unalikalia shuka lenye wadudu."