Masharubu Yangu Mbele ya Bi Heather

...na masharubu yananiwasha, sasa hivi, mbele ya mama wa watu, na siwezi kujikuna kwa sababu rangi niliyoyapaka jana sina hakika kama imekauka au imekaa tu hapo juu kama lami mbichi, na yeye, mtahini wangu wa Kiingereza, anasema, taratibu, kwa Kiingereza cha kusoma kwenye karatasi, kwamba nina dakika moja ya kujiandaa, kisha nitazungumza peke yangu mpaka aniambie basi, penseli hii hapa, karatasi hii hapa, ukitaka kuandika andika, naitikia kwa kichwa, natabasamu, miaka yangu yote ya melini nilitabasamu hivi hivi abiria akinirudishia sahani, na kadi iko mezani, nimeshaisoma, naisoma tena labda maneno yatabadilika, eleza kitu ambacho hukukipenda, sema kina kasoro gani, watu wengine wanakionaje, na wewe ungekirekebishaje... kitu ambacho hukukipenda, Mungu wangu, unamtoa mtu Solo kwa treni ya asubuhi, unamleta Yogyakarta, unamweka chini ya kiyoyozi kinachogandisha masikio, halafu unamwambia akosoe kitu, tena mbele ya mgeni, tena mwanamke, afadhali angeniambia nivue shati.

Tulia, Gimin, kitu chochote, sema mkahawa, Bu Wening, mwalimu wetu, alituambia mtu akikwama akimbilie mkahawa, chakula kilikuwa *bland*, neno zuri hilo, fupi, lenyewe halina ladha kama kitu linachokisema, na huduma ilikuwa *disappointing*, hilo ni la mtu aliyetegemea makubwa akapata madogo, maskini Bu Wening, aliyapanga maneno yote ya kukosoa ubaoni kama mtu anayepanga sambal, pilipili yetu ya kusaga, chini ile ya watoto, juu ile ya kumtoa mtu machozi, chini kabisa kukawa na "si mbaya", juu kabisa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa nyama iliyooza na kwa hali ya hewa ya kwao, tukayanakili wote, wapishi, wauguzi, dereva mmoja wa teksi, kwa mwandiko safi kabisa, na hakuna aliyethubutu kuyatamka, mpaka akasema, "Haya, Pak Gimin, wewe umezunguka dunia, tuanze na wewe, kosoa kitu chochote humu darasani," nikatazama dari linalovuja, nikatazama feni inayozunguka kwa kuvuta mguu kama mzee anayetoka msikitini, darasa zima limenikodolea macho, nikasema, "Feni hii, Bu... inajitahidi," wakacheka, akacheka naye, lakini wiki iliyofuata akatutega, akaleta getuk, mihogo ile ya kupondwa, ya kijani na ya waridi, imenyunyiziwa nazi, inapendeza, ila mahali pa sukari ameweka chumvi, chumvi ya kukaushia samaki, akapitisha sinia, akasema kuleni kisha kila mtu aseme kasoro yake kwa Kiingereza, tukala, mate yananitoka mpaka kwenye macho, na wa kwanza, Mbak Tutik muuguzi, akameza, akasema, "Tamu sana, Bu," wa pili, "Tamu, Bu, inanikumbusha nyumbani," dereva wa teksi akaomba kipande cha pili, cha pili! Bu Wening akapiga meza, "Jamani, ni chumvi! Nimeweka chumvi makusudi! Hamna ndimi?" na sisi tunaangalia viatu, kisha sauti moja nyuma, ya upole kabisa, "Lakini chumvi yenyewe ni nzuri, Bu," na sauti hiyo ilikuwa yangu.

Bi Heather anatazama saa, kitambulisho chake kimeandikwa Heather, ana kikombe cha chai hajakigusa, huko korido kuna vijana wawili wanafanya mazoezi, mmoja anasema filamu ilikuwa ndefu mno na mwenzake anamrekebisha, nami sijaandika kitu, na aibu ni kwamba maneno haya ninayo, ninayo kuliko darasa zima, niliyapokea miaka na miaka kwa upande wa anayepigwa, hakuna kasoro ya chakula ambayo sikutupiwa usoni kwa lugha hii, yule bibi wa Leeds, tuko Alaska, barafu inapasuka nje kama mizinga, yeye hatazami barafu, anatazama yai lake, anasema, "Kijana, yai hili limekata tamaa," na yule bwana wa Valparaíso aliyeinua nyama kwa uma akaniuliza kama tunazo na za kushoto, maana hiki alichopewa ni kiatu cha kulia, nikacheka mpaka jikoni, nikamsimulia Yatun kwa simu, naye, badala ya kunionea huruma, akasema, "Ana haki. Na wewe acha kucheka hovyo, Mas, unapocheka kwenye simu unasikika kama pampu ya maji iliyoingiza hewa."

Yatun, mke wangu, mtu wa Surabaya, na Surabaya wanasema jambo kama lilivyo, tena kwa sauti ya kuvuka barabara, siku ya kwanza nimempeleka kwetu, shangazi zangu wamekaa kwenye mkeka magoti yamebanwa, mama amempakulia gudeg yake, mafenesi yaliyopikwa usiku kucha kwa sukari ya mnazi, wanamwuliza, mwanangu, unaionaje, na kila mtu duniani anajua jibu ni moja, yeye akatafuna, akafikiri, alifikiri! akasema, "Tamu mno, Mama. Hii ni mboga au peremende?" kijiko cha shangazi kikaanguka, nikajua ndoa imekwisha kabla haijaanza, na mama akasema, "Mwongezeni huyu. Ndiye wa kwanza kuonja chakula changu," ... wa kwanza kuonja, sikulielewa neno lile, nilidhani mama amechanganyikiwa kwa fedheha, nikaoa, nikaingia kwenye miaka ya kuambiwa, Mas, suruali hiyo inakufanya uonekane muuza bima, Mas, unaimba kama mbuzi aliyetumbukia kisimani, tofauti ni kwamba mbuzi anaomba msaada, Mas, masharubu hayo yapunguze, yanakula supu kwanza yenyewe ndipo wewe, na mimi namjibu, ndiyo, Bu, ndiyo, na kupunguza napunguza, mpaka asubuhi ile moyo wake uliposimama, mlangoni, katikati ya kumkaripia muuza tofu kwamba tofu yake imechacha, nayo ilikuwa imechacha kweli, niliionja baada ya mazishi.

Dakika bado, dakika gani hii isiyokwisha... tangu hapo mimi ni mzuri, hilo ndilo tatizo, ningelisemaje hilo kwa Kiingereza, mama, tatizo langu ni kwamba tangu hapo sina kasoro hata moja, jirani anasema Pak Gimin mvumilivu, imamu anasema Pak Gimin mfano wa kuigwa, naunguza wali wa kukaanga, nusu yake makaa, nampelekea jirani, sahani inarudi imeoshwa na salamu kwamba watoto wamegombania, na ile Jumapili ya kusafisha mitaro, nilisimama kwenye mkutano wa mtaa, nimevaa batiki ndani nje, mishono yote hadharani, lebo inapepea shingoni kama bendera ya bandarini, nikahutubia juu ya mbu na maji yaliyotuama, watu wote wakaitikia, "Vizuri, Pak Gimin, sawasawa, Pak Gimin," wakanipa chai, wakanisindikiza hadi kwenye lango, hakuna aliyesema, hakuna, nikafika nyumbani, nikajiona kwenye kioo cha kabati lake, nikakaa kitandani, sikulia, nilikaa tu nikasubiri mtu anicheke, na usiku wa zile getuk ndio hivyo hivyo, kipande kimoja nilikifunga kwenye karatasi nikaja nacho, nikakiweka mezani, nikasema kwa sauti kubwa, chumvi hii imezidi, Yatun, onja uone, na jokofu likanguruma kidogo, likanyamaza.

Ndiyo maana niko hapa, si kwa sababu ya jiko la nyumba ya wazee huko Perth, ingawa ni jiko zuri kwenye picha, wananipa kazi nikifaulu mtihani huu, ila kwa sababu Palupi yuko mtaa wa pili kutoka hapo, binti yangu, wa pekee, na Palupi ana uso wa mama yake lakini ulimi aliuchukua kwangu, ulimi wa Solo, kazi inaendaje, Nduk? Nzuri, Pak. Nyumba? Nzuri, Pak. Unakula? Ninakula vizuri, Pak, na nyuma yake kwenye skrini naona sahani moja, kikombe kimoja, nikamwambia nafikiria kuja huko, akasema, "Ni vizuri, Pak. Kama Bapak anapenda," na tangu siku hiyo nalala na sentensi hiyo kitandani, naigeuza huku na huku, maana ni sentensi ambayo ningemwambia mimi mgeni nisiyemtaka, na ningemwambia hivyo hivyo mgeni ninayemtaka mpaka kifua kinauma, kwetu huwezi kujua, tunakula getuk ya chumvi na kuomba nyingine, nitajuaje kama mimi si getuk ya chumvi ya mtoto wangu.

Halafu leo asubuhi, kituoni, treni inaingia, akapiga simu ya video kunitakia heri, nikajiweka sawa, nikainua kidevu, nimepaka rangi ili yule mtahini asione mzee, na Palupi akanyamaza, nikadhani mtandao, kisha akapasuka, "Ya Allah, Pak! Hicho ni nini chini ya pua?" nikasema masharubu, akasema, "Mabaya! Mabaya kabisa! Umekuwa kama kambale aliyechovywa kwenye wino! Nani amekuachia utoke nyumbani hivyo?" watu wanapanda, muuza wali wa vifungu ananitazama, anatazama masharubu, anatazama pembeni kwa heshima, nami nikasema mtandao mbovu, Nduk, nikakata, na njia nzima nimekaa nikijiambia, siku yenyewe ya mtihani, mtoto mwenyewe wa kumzaa, kambale... kambale aliyechovywa kwenye wino, Yatun mwenyewe asingeliweza vizuri zaidi, hapana, ngoja, nani amekuachia utoke hivyo, hilo si tusi, hilo ni swali la mtu aliyeona kwamba hakuna mtu mlangoni, na alisema kitu kingine, kidole changu kikiwa tayari kwenye kitufe chekundu, king'ora cha treni kikalia juu yake, lakini nilikisikia, nilikisikia na sikutaka, "Yalete hayo huku, nitayanyoa mimi mwenyewe, Pak, nitakukalisha kwenye kigoda cha jikoni, na usinibishie!" ... usinibishie, binti anayesema kila kitu ni kizuri, ameonja, mama yangu, kama Yatun na gudeg yako, huyu ameonja.

Kiyoyozi kinavuma vilevile, kadi iko palepale, karatasi nyeupe kama ilivyokuwa, na Bi Heather bado hajainua kichwa kutoka kwenye saa yake, sina mkahawa, sina filamu, masharubu yanawasha, nayakuna, hatimaye, mbele ya mama wa watu, kwa furaha, kidole kinatoka cheusi tii, yeye ameinua macho, amekiona, nami nimemwona amekiona, na kwa adabu zote za kwao anageuza uso polepole kuelekea dirishani, kana kwamba kuna kitu huko... hapana, mama, usitazame dirishani, tazama hapa, nina kitu kibaya kabisa cha kukueleza.