Koti la Kizimbani

Kofi Mardhiya hakuliona likija. Alikuwa amepiga magoti, pini nne kazibana kwa midomo, anaufinya upindo wa kanzu ya kuazima, na aliposikia viatu ngazini alidhani ni mwalimu. Kofi likatua shavuni. Pini mbili zikazama kwenye mdomo wa chini, na damu ikadondoka juu ya kanzu nyeupe ya watu.

"Inuka!" alisema Ayoub, kaka yake mkubwa. "Inuka twende nyumbani, mwana hizaya we."

Skuli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, Mji Mkongwe, wanafunzi tisa, kioo kimoja kirefu na henga za nguo zimejaa ukutani. Hapo Mardhiya alikuwa anamalizia mwaka wake wa pili wa kusomea upangaji wa mavazi. Watu wa Dar wanamwita mtu wa kazi hiyo stailisti. Hashoni, hauzi. Anaazima nguo za watu, anamvika mtu mpaka ukimtazama unajua katoka wapi na anakwenda wapi, kisha anazirejesha kwa wenyewe zimefuliwa na kupigwa pasi. Jumba moja la mitindo la Dar lilikuwa limeahidi kumchukua mmoja katika wale tisa, na Mardhiya alikuwa hana ndoto nyengine.

"Kaka, niache nizitoe pini," alisema, damu inamchuruzika kidevuni.

"Utazitoa Makunduchi. Barazani wananicheka: dada yako anawavisha wanaume wa watu, anawashika mabega, anawafunga vifungo. Mie ndiye baba yako sasa. Nshasema basi."

Akamkamata kifundo cha mkono akamburuta. Pandu, kaka yao wa kati, fundi wa pikipiki, alikuwa chini anamngoja dada yake. Kusikia kelele akapanda ngazi mbili mbili. "We Ayoub, mwachie!" Hakumaliza. Ayoub alimpiga kichwa cha uso, jino likamruka likagonga kioo, na ndugu wawili wakabingirishana kwenye nguo za kuazima mpaka Bi Ulfat, mwalimu, alipowamwagia ndoo ya maji kama anayetenganisha paka.

Bi Ulfat hakupiga kelele. Alimtazama Ayoub, shati lake la mikono mirefu limefungwa mpaka kwenye viganja, na jua la Julai kali vile.

"Na huyu," alimnong'oneza Mardhiya huku anamchomoa pini, "hana shati jengine?"

"Ndivyo anavyovaa siku zote."

"Hm," alisema Bi Ulfat.

*

Kesi ikaenda kwa Bibi Mwanapili, Makunduchi, mama wa marehemu baba yao. Ndiye aliyemlea Mardhiya na Pandu tangu mama yao alipofariki kwa uzazi wa Mardhiya. Ayoub, aliyekuwa na miaka tisa, alichukuliwa na baba yake kukaa naye Kizimbani, ambako mzee alikuwa mlinzi wa mashamba ya viungo. Wale wadogo wawili walimwona baba Iddi kwa Iddi tu, na peremende mfukoni. Alikufa Mardhiya ana miaka saba.

Bibi aliwatazama wajukuu zake, mmoja mdomo umevimba, mmoja kapoteza jino, mmoja ngumi zimechubuka.

"Mwaka uko wiki ijayo," alisema. "Mna ugomvi, upelekeni uwanjani kama walivyopeleka babu zenu. Bua kwa bua. Atakayeanguka, au atakayeliacha bua akashika kitu chengine, neno lake limekwisha. Pandu akishinda, mtoto anasoma. Ayoub akishinda, anarudi kuniokotea kuni. Na baada ya hapo simtaki mtu na kinyongo ndani ya mwaka mpya."

Ndiyo ada ya Makunduchi. Siku ya kuoga mwaka, yaani kuupokea mwaka mpya wa Kiswahili, wanaume wa upande huu na wa upande ule wanakutana uwanjani kwa mabua ya migomba, kila mwenye lake moyoni analitoa kwa fimbo hiyo ya maji, na wanawake wanazunguka kwa nyimbo na matusi ya mzaha. Jioni wanakula pamoja. Ayoub alioa upande wa pili, kwa hivyo alisimama na wakwe zake. Bua usilidharau. Ni zito, na likikupata shingoni unaona nyota mchana. Ndiyo maana wanaume huvaa kama wanaokwenda kwenye baridi: sweta juu ya sweta, makoti, hata magauni ya wake zao.

Hapo Mardhiya akaona pa kufanyia mtihani wake wa kumalizia skuli. Bi Ulfat aliwataka kila mmoja amvike mtu kwa jambo ambalo mtu huyo ataliingia kweli, si la kupigia picha. Basi atamvika Pandu kwa vita.

"Sharti moja," Bi Ulfat alikuwa akilirudia kila Jumatatu mpaka wanafunzi wakilisema usingizini. "Kabla hujamvika mtu nguo, uliza nguo imepita wapi. Muulize aliyeivaa, na aliyekuwa karibu na aliyeivaa."

Sweta aliazima kwa jirani, akauliza, akaandika. Viatu vya mpira vilikuwa vya mvuvi, akauliza, akaandika. Helmeti ilikuwa ya Pandu mwenyewe. Mwisho akafungua sanduku la Bibi, na chini kabisa, limezikwa ndani ya karafuu ili nondo wasilile, akakuta koti la baba: zito, la kahawia, la sufi, vifungo sita vya shaba.

Hilo hakuuliza. Atamuulizaje mtu kuhusu koti la baba yake mwenyewe? Alijua linanukia peremende.

"Hakuna mtoto atakayelipiga koti la baba yake," alimwambia Pandu asubuhi ya siku yenyewe, anamvika uani. "Likimjia mbele, mkono wake utalegea wenyewe. Utaona."

"Mabega yananipwaya. Naonekana kama pweza kaning'inia."

"Simama wima, pweza we." Akakunja kanga mbili akazishindilia mabegani. Akavisogeza vifungo viwili ili kifua kikae sawa. Akamvisha helmeti. Akarudi nyuma hatua tatu, kama alivyofundishwa, akatazama. Mabega mapana, kifua mbele, kichwa kimeinama kidogo. Kazi ilimpendeza mpaka akasahau mdomo unauma. Akapiga picha.

Bibi alitoka jikoni na kikaango. Akasimama.

"Kitendawili," alisema polepole.

"Tega!"

"Ana shingo hana kichwa, ana mikono hana vidole."

"Koti hilo, Bibi! Utupe kigumu."

Bibi hakuwapa kigumu. Alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, akaufunga, akarudi kwenye moshi wake.

*

Uwanjani vumbi lilikuwa limeshasimama. Mabua yalilia pa! pa! juu ya migongo, maji ya migomba yakaruka, mtu mmoja alitoka pua imepasuka anacheka, mwengine kabeba kiatu kimoja anatukana ukoo wa jirani. Wanawake walizunguka, wanaimba. "Enyi wa upande wa pili, mmekuja kupigana au kupunga upepo?" Mardhiya alikuwa miongoni mwao na simu mkononi.

Ayoub aliingia katika shati lake la mikono mirefu, peke yake asiyejikinga. Akazungusha bua. Akamtafuta mdogo wake kwa macho.

Pandu akajitokeza. Hakuna aliyeuona uso wake ndani ya helmeti. Upepo ulitokea nyuma yake, ukaichukua harufu ya karafuu ukaipeleka kwa Ayoub.

Mardhiya aliona mkono wa Ayoub ukilegea, kama alivyotabiri. Moyo ukamruka kwa furaha. Bua lilianguka chini.

Kisha Ayoub akageuka, akakimbilia kwenye ua wa miti pembeni ya uwanja, akang'oa mti mmoja na misumari yake.

Pigo la kwanza lilimshukia Pandu begani, kanga zikalipokea. La pili aliliinulia mkono, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Watu walikuwa bado wanacheka. La tatu likaipasua helmeti. Pandu akapiga magoti, anapiga kelele, "Ni mimi! Ayoub, ni mimi!" lakini sauti ilizibwa humo ndani ikatoka nzito, ya kiume, kama ya mtu mzima mwenye hasira.

"Nne!" alipiga kelele Ayoub. Na kila akipiga, alihesabu. "Tano!" Sauti yake ilikuwa nyembamba. Mardhiya hakuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa ya mtoto.

Wanaume wawili walijaribu kumshika, mmoja akapata mti wa taya akalala chali, meno na damu mchangani. Nyimbo zilikatika. Mwanamke haingii katika duara lile, lakini Mardhiya aliingia. Alijitupa juu ya Pandu, na la sita likampata yeye, mfupa wa bega ukavunjika, mkono wote wa kushoto ukafa ganzi.

Mkono mmoja ukambakia. Akaviendea vifungo. Alivijua, kwani viwili alivishona yeye asubuhi ile. Kimoja, cha pili, cha tatu. La saba lilitua mchangani sikioni mwake. Cha nne, cha tano. Cha sita kilikataa, akakiuma kwa meno mpaka uzi ukakatika na mdomo wake ukafunguka upya. Akalivuta koti, Pandu akatoka ndani yake kama kaa anayeacha gamba, na Mardhiya akalitupa miguuni kwa Ayoub.

Ayoub hakuwatazama. Aliendelea kulipiga koti.

"Nane! Tisa! Kumi!" Sufi ikachanika, misumari ikaingia na kutoka, karafuu zikamwagika mifukoni. "Kumi na moja! Kumi na mbili!"

Kwenye kumi na mbili akaacha. Aliutua mti taratibu. Akasimama wima, miguu pamoja, akainyoosha mikono mbele, viganja juu, na mbele ya Makunduchi nzima akasema kwa adabu:

"Ahsante, baba. Nshakoma."

Shati lilikuwa limepasuka mpaka kwenye viwiko. Mikononi mwake, toka kiganjani kwenda juu, makovu yalikuwa yamepangana kama ngazi.

*

Pandu alifungwa plasta. Mardhiya bega likafungwa kwa bendeji. Siku ya tatu walikaa uani kwa Bibi wote watatu, na hakuna aliyejua pa kuweka macho.

"Nlikiona kitoto kinakuja Iddi kimevaa mikono mirefu, jua linachoma," alisema Bibi. "Nkasema kinajipamba. Mwanangu ndiye aliyekuwa anapiga, ndiyo maana sikutaka kuuliza. Kitendawili: nimempiga mtoto, kovu kaota mjukuu."

Safari hii Bibi hakuomba mji.

"Bua nliliangusha mimi," alisema Ayoub hatimaye, anatazama chini. "Sharti ni sharti. Nenda kasome." Akanyanyuka akaondoka. Hakuomba radhi, na Mardhiya hakumwita.

Mjini, Bi Ulfat alisikiliza kisa chote, akalifunua koti lililochanika juu ya meza.

"Hili ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza."

"Kazi yako ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona," alisema mwalimu. "Ulimfufua maiti. Na kwa kutouliza kwako, mtu nusura auawe. Umeanguka, Mardhiya. Nakupa wiki mbili umvike mtu mwengine. Ukishindwa, nafasi ya Dar itakuwa ya mwenzio."

Siku kumi na moja zilipita. Nani atakubali kuvikwa na msichana ambaye nguo zake zinavunja watu mifupa? Majirani walianza kukumbuka kwamba sweta zao wanazihitaji.

Ya kumi na mbili, asubuhi, alisikia viatu ngazini. Safari hii alivitambua. Alizitoa pini mdomoni, zote, akaziweka mezani.

Ayoub alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Nnakwenda Kizimbani kesho," alisema. "Kaburini. Sijakwenda tangu tumzike." Akauvuta mkono wa shati chini. "Sijui nivae nini."

Mardhiya alimtazama mkono wa kulia, ule wa kofi, mpaka Ayoub mwenyewe akauweka nyuma ya mgongo.

"Mikono yako iweke mbele niione," alisema. "Na ukiuinua mmoja, hata kwa kufukuza nzi, unashuka ngazi."

"Naam."

"Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Mardhiya alimwendea kwa upande, si kwa mbele, akaligusa shati begani. Akalichukua daftari lake, akafungua ukurasa mtupu.

"Shati hili la mikono mirefu," aliuliza. "Lilianza lini? N'ambie limepita wapi."

Ayoub akafungua kifungo cha kiganja cha kulia, akaukunja mkono wa shati mkunjo mmoja.

"Mwaka uliozaliwa wewe," alisema.

Mardhiya akaandika.