Picha ya Anselmo Korongoni

Mwinjuma alikuwa na studio ya picha Temeke, na Anselmo alikuwa seremala wa Keko. Urafiki wao ulianza mwaka wa Uhuru. Mwaka 1972 kiwanda kimoja cha uchapaji kilimtaka Mwinjuma akapige picha za kalenda kwenye korongo kavu huko Iringa, naye akamchukua rafiki yake amsaidie kubeba vyombo.

Kule kulikuwa jangwa tupu: mchanga, miiba, na nguzo za mawe zilizochongwa na maji ya zamani, nyingine ndefu kuliko minazi, kila moja na kichwa chake kama kofia. Walingoja jua lishuke. Mwanga ulipogeuka mwekundu mawe yakawaka kama makaa, lakini ndani ya kamera nguzo zilionekana ndogo. Ilihitajika sura ya mtu ili ukubwa wa nguzo ujulikane. Mwinjuma akamwambia Anselmo apande ukingoni, kando ya nguzo kubwa.

Alipiga picha moja. Alipokuwa anasogeza filamu apige ya pili, ukingo ulimomonyoka. Mpaka anamfikia chini, Anselmo alikuwa amekwisha kukata roho.

Msibani Keko watu walitaka kujua ilikuwaje. Mwinjuma aliutazama umati ule, ulimi ukamsaliti. Alisema Anselmo alipanda mwenyewe, kwa kutaka kuona mbali. Haikupita wiki, maneno yakazagaa kwamba marehemu alikuwa amelewa.

Baada ya mwezi, Rosalia, mjane wa Anselmo, alifika studio akiwa amevaa kaniki.

"Shemeji, nataka picha yake ya misa ya arobaini. Najua ulimpiga kule."

Mwinjuma alifikiri kumwambia filamu iliungua. Badala yake alifungua droo akampa. Alikuwa ameisafisha picha ile siku nyingi, akaificha chini ya bahasha za wateja.

Rosalia aliisogeza dirishani. Mumewe alikuwa amesimama kando ya jiwe lile, mkono mmoja umeinuliwa, uso umeelekea kamera, mdomo wazi kidogo.

"Hapa anaongea," alisema. "Alikuwa anasema nini?"

"Aliuliza kama panatosha."

"Ukamjibuje?"

Mwinjuma alikaa kwenye kiti cha wateja. "Nikamwambia arudi nyuma hatua moja."

Rosalia hakulia. Aliiweka picha kwenye pindo la kaniki, akaifunga.

"Juzi mwanangu amepigana shuleni," alisema. "Wanamwita mtoto wa mlevi. Mume wangu hakuwahi kuonja hata pombe ya komoni, nawe unajua."

"Najua."

"Funga duka. Twende ukamwambie Albano."

Walikwenda kwa miguu hadi Keko, Rosalia mbele. Albano, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa nje ya nyumba ya ndugu yake, anapiga randa ubao wa kabati. Mwinjuma alimsimulia kila kitu amesimama, tangu mwanga wa jioni mpaka ile hatua moja, mpaka uongo wa msibani. Alijua atapigwa, na moyoni alitamani apigwe yaishe. Albano alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza maranda yaliyoshika kwenye ubao.

"Mie hukunidanganya peke yangu," alisema. "Jumapili, watu wakitoka misa, utasimama useme tena. Lakini anza na watoto wa marehemu. Wako ndani."

"Nitawaambiaje?"

"Kama ulivyoniambia."

Rosalia alisukuma mlango. Watoto watatu walikuwa wamekaa mkekani wanakula ugali na dagaa. Walipomwona rafiki wa baba yao waliacha kula, wakasimama, wakamwamkia kwa pamoja: "Shikamoo, baba mdogo."

Rosalia aliwaambia watoto wakae, akamvutia mgeni kigoda, kisha akabaki amesimama mlangoni mpaka Mwinjuma alipoanza kusema.