Wimbo wa Ukurasa wa Kwanza

Kofi la kwanza lilimkuta Ndayisaba bado ameinamia kibodi. La pili likamwangusha chini, na Mwatumu akaruka kutoka mlangoni akipiga kelele, "Wee! Mnamuua mtoto wa watu kwa kosa gani?"

Walikuwa wanaume sita, wana mapanga na rungu. Mbele yao alisimama Gidioni, yule aliyejifanya mkubwa wa upande ule wa kambi ya wakimbizi ya Benaco tangu watu walipovuka daraja la Rusumo wakikimbia vita kwao. Mkononi alishika daftari, kila ukurasa umejaa herufi na namba, C4 E4 G8, hivyo hivyo mpaka chini.

"Mtambo wako unalia ti-ti-ti mchana kutwa," Gidioni alisema. "Unawapelekea adui habari ng'ambo. Hizi ndizo namba za siri."

Namba za siri! Mwatumu angecheka, kama si yale mapanga. Yeye ni mfanyabiashara wa Ngara mjini, mjukuu wa watu wa Tanga, aliyefungua kibanda cha video pale sokoni kambini. Na huo mtambo ulikuwa gemu ya televisheni tu, ile yenye kibodi. Ndayisaba, mkimbizi aliyemtunzia jenereta, ndiye aliyegundua kwamba ukiiandikia herufi inaimba. Lakini haikuweza kuhifadhi kitu. Jenereta ikizimwa, wimbo umekwenda na maji. Kwa hiyo aliandika kila noti ya wimbo daftarini, na kila siku akaziingiza upya, moja moja.

Ubapa wa panga ukamshukia kijana mgongoni. "Sema!" Rungu likafuata, likamponda vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Ni muziki, jamani!" Mwatumu alilia. "Mwacheni apige msikie! Usipokuwa muziki, nikateni mimi!"

Lo, we Mwatumu! Nani alikutuma?

Gidioni akamtazama, kisha akamtupia kijana daftari. "Piga."

Ndayisaba akafungua ukurasa wa tisa.

"Siyo huo," Mwatumu akadakia. "Huo unakwaruza masikio. Piga wa kwanza, mwanangu, ule mtamu." Wa kwanza aliupenda mno, kila asubuhi alichemsha chai akiuimba kwa mdomo uliofumbwa.

"Wa tisa ni mzuri, mama," alisema bila kumtazama mtu.

"Acha aibu! Saa hizi ni za aibu?" Akampokonya daftari, akafungua ukurasa wa kwanza yeye mwenyewe.

Gidioni aliona kijana anakwepa. Akagonga ukurasa kwa ncha ya panga. "Huo huo."

Ndayisaba akaingiza herufi kwa mkono mmoja, damu ikidondoka juu ya vitufe. Wimbo ukaanza, mwembamba, ukapanda juu ya ngurumo ya jenereta, ukashuka, ukajirudia. Mmoja wa wanaume akacheka. Mapanga yakateremka.

"Mmesikia?" Mwatumu alisema, machozi ya furaha yakimtoka. "Niliwaambia nini?"

Hapo mmoja wao aliyesimama nyuma, mzee mwenye kofia ya sufu, akasogea karibu na televisheni. Akausikiliza wimbo mpaka mwisho, na ulipoanza tena akasema maneno machache kwa lugha yao. Aliyekuwa anacheka akainua panga tena.

Gidioni akamgeukia Mwatumu, akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Anasema huu aliuimba mtu mmoja tu, kilimani kwao, akinywesha ng'ombe wake. Ukoo wa mtu huyo wenzetu waliumaliza mwezi wa nne. Alidhani wameumaliza wote." Akaokota daftari. "Umetusaidia, mama."

Mwatumu akamrukia Ndayisaba, akang'ang'ania shati lake. Rungu likamvunja kifundo cha mkono. Shati likachanika, nalo likabaki mkononi mwake.

"Usiuzime, mama," Ndayisaba alisema wakimburuta.

Kutoka nyuma ya kibanda Mwatumu alisikia mapanga, na sauti ya kijana mara mbili, kisha mapanga peke yake. Hakuzima. Alimimina dumu zima la petroli kwenye jenereta kwa mkono mmoja, akakaa, na wateja waliokuja akawafukuza kwa matusi. Jioni petroli ikaisha, na wimbo ukakatika katikati.

Asubuhi, akichemsha chai, mdomo wake ulianza kuuimba wenyewe. Mwatumu akajipiga kofi kwa mkono uliobaki mzima, akajipiga tena, na bado ulikuwa unaimba.