Masikio Mazito ya Bi Kaunta

Waliokuwepo kinyozini alasiri ile ni hawa: Kinyozi mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha kwanza, mdogo wake, mwenye kiti cha pili, ambacho kwa wakati huo hakikuwa na mteja, mke wa Kinyozi, aliyekaa nyuma ya meza ya malipo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kaunta, Shangazi, aliyemlea Kinyozi tangu utotoni, ambaye alikuwa amepita kupumzisha miguu kwenye benchi la wateja, na Karani wa posta, mteja wa miaka mingi, aliyekuwa chini ya shuka jeupe, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu.

Wanne kati yao walikuwa na siri, na Karani hakuijua. Siri yenyewe ilikuwa kwamba Kinyozi alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza hospitali mwaka juzi, na alipoinuka alikuta watu wanafungua na kufunga midomo bila kutoa kitu. Ulimi wake ulibaki mzima na mikono yake ikabaki myepesi kama zamani, lakini masikio hayakurudi.

Hakutaka ijulikane. Kazi yake ilitegemea soga sawasawa na ilivyotegemea wembe. Aliamini kwamba siku watu watakapojua kuwa anayewapitishia wembe shingoni hasikii hata wakipiga yowe, watavuka barabara, mmoja baada ya mwingine, waende kwa yule kinyozi wa ng'ambo mwenye viti vipya na redio kubwa. Kwa hiyo familia ilijiwekea utaratibu. Kinyozi alisoma midomo ya wateja katika kioo kikubwa kilichokuwa mbele ya viti. Mteja akiinamisha kichwa, Bi Kaunta alirudia maneno yake kwa sauti, uso ameuelekeza kiooni: “Eh? Umesema nyuma ipungue, pembeni ibaki?” Mtu akiita kutoka mlangoni, mdogo mtu alipiga sakafu ya mbao kwa kisigino ili kaka yake ahisi mtikisiko. Sauti ya Kinyozi ikipanda kupita kiasi, mkewe aligusa kola ya gauni lake, naye aliishusha. Na pale mteja alipokuwa ameinama, kidevu kifuani, wote walizungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, wakitazamana katika kioo kama watu walio nyuma ya dirisha.

Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri mno, isipokuwa kwa jambo moja ambalo hakuna aliyelitazamia. Wateja walipomsikia Bi Kaunta akisema “Eh?” kutwa nzima na kurudia kila neno la mtu, walikata shauri kwamba mwenye masikio mazito ni yeye. Wakaanza kumpigia kelele wakati wa kulipa, “Shemeji, chukua hela!” kana kwamba yuko kilima cha pili. Yeye alicheka. Mwanzoni Kinyozi naye alicheka, kisha kicheko kikawa kinamkwama, na siku hizi kila alipoona mteja akitanua kinywa mbele ya meza ile alijikuta ameshika kitambaa na kufuta kitu kilichokuwa safi tayari.

Siku hiyo Karani alikuwa amekuja na simu yake na jambo lake.

“Bi Kaunta!” alipaza sauti, na Kinyozi aliona mishipa ikitutumka juu ya shuka. “Nimekuletea habari njema. Kuna jumuiya ya viziwi mtandaoni. Wanaongea kwa picha na kwa maandishi, wanasaidiana, wanafundishana lugha ya alama. Mdogo wangu wa kike, naye kiziwi, ndiye mkaribishaji wao. Nimeshamweleza habari zako.”

“Habari zangu zipi tena?”

“Za masikio,” alisema Karani, akalivuta sikio lake mwenyewe ili aeleweke. “Usione haya. Hakuna aliyejitakia. Tukuandikishe leo hii hii.”

Mdogo mtu aligeukia ukuta na kukohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Kinyozi aliuweka mkono juu ya utosi wa Karani na kumwinamisha, ingawa kisogo chake kilikuwa kimekwisha kuchongwa.

Mara Shangazi akainua uso kiooni na kuanza kusema bila sauti. “Mwambie. Mwanamke anayesikia hata sufuria ya jirani ikichemka, leo anaandikishwa ukiziwi, na wewe umesimama hapo unapuliza mashine.”

Kinyozi alitikisa kichwa.

“Mwache, Shangazi,” mkewe alijibu, naye kwa midomo mitupu. “Nitamjibu mawili matatu, aridhike, aende zake.”

“Mtaniumiza shingo,” Karani alisema kutoka chini. Hilo Kinyozi hakuliona, lakini aliona mkewe akimwashiria, akamwachia.

Karani alitoa simu chini ya shuka na kuishika mbele ya kifua chake. “Maswali ni machache. Jina tutaweka mwishoni. La kwanza: ulipoteza usikivu lini?”

“Mwaka juzi,” alisema Bi Kaunta. “Baada ya homa.”

“Homa? Nakumbuka aliyeumwa ni huyu bwana.”

“Tuliumwa wote.”

“Nyumba nzima,” mdogo mtu aliongeza. “Hata paka.”

Karani aliwapa pole wote, pamoja na paka, akaandika. Kinyozi alibadilisha kichanuo cha mashine kutoka namba mbili hadi namba moja, akakumbuka kwamba mteja huyu hunyoa namba mbili, akakirudisha. Alihama kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia, ambao tayari ulikuwa umekwisha, kisha akarudi.

“Leo una nini, bwana?” Karani alimwuliza katika kioo. “Unanizunguka kama nzi.”

“Natafuta upande wenye nywele.”

Karani alicheka mpaka shuka likatikisika. Bi Kaunta aligusa kola yake. Jibu lilikuwa limetoka kwa sauti ya kutangazia mnada.

“Swali la pili,” Karani aliendelea. “Ni jambo gani linalokuchosha zaidi?”

Kinyozi alitegemea mzaha. Mkewe alikuwa mtu wa mzaha, na hilo lilikuwa swali la kufanyiwa mzaha. Badala yake aliona kalamu ikilazwa mezani na uso wake ukitulia.

“Macho,” alisema. “Watu wanadhani yanayochoka ni masikio. Ni macho. Kutwa nzima unakimbizana na midomo ya watu. Huyu ana sharubu, yule anatafuna huku anaongea, mwingine anaanza neno hapa analimalizia amegeukia mlangoni. Ukifika nyumbani unataka uzime taa ukae gizani. Huna hasira na mtu, unataka macho yapumzike tu. Na wa nyumbani nao hawasemi kitu, wanakuacha, ila wanajua.”

Kitana kilimtoka Kinyozi mkononi. Hakujua kimeanguka mpaka mdogo wake alipokionyesha kwa ncha ya kiatu.

Hakuwahi kumwambia mkewe habari ya macho. Jioni zote zile alizozima taa ya sebuleni na kukaa kimya, alidhani mkewe anamwona ni mwanamume aliyenuna, na kwa kuwa hakutaka kulalamika, aliridhia adhaniwe hivyo. Kumbe alikuwa anasomwa neno kwa neno. Na maelezo yale, yaliyokuwa ya kwake kabisa, yalikuwa yakiandikwa sasa hivi kwenye simu ya Karani kama mali ya mtu mwingine.

Aliinama kuokota kitana, akakitumbukiza kwenye chupa ya spiriti, akachukua kingine, akakirudisha, akachukua kile kile cha kwanza kikiwa bado kinadondosha.

“Hayo umesema vizuri sana,” Karani alisema, safari hii bila kupiga kelele, kwa sababu alikuwa ameguswa. “La tatu. Ni nani anayekusaidia kuwasiliana na watu?”

Bi Kaunta alitazama kiooni. Kinyozi naye alikuwa anamtazama. Shangazi aliacha kujipepea.

“Mume wangu,” alisema.

Karani aliiweka simu mapajani, akageuka kitini shuka likiwa shingoni, akaushika mkono wa Kinyozi uliokuwa na mashine, hata mashine ikabidi ihamie mkono wa pili.

“Bwana, acha nikuambie mbele ya watu wako. Wewe ni mwanamume. Wengine wangemrudisha kwao. Wengine wangemfungia ndani wageni wasimwone. Wewe umemweka mbele, kwenye meza ya fedha, kila mtu amwone, na sijawahi kukuona ukimwonea aibu hata siku moja. Nyumbani kwangu nakutolea mfano.”

Alikuwa amemgeukia uso mzima, ndevu amenyoa, maneno anayatamka pole pole kama mtu anayehutubia. Tangu asubuhi Kinyozi alikuwa akiambulia nusu ya kila sentensi na kujaziliza nusu nyingine kwa kukisia. Hii aliipata yote.

Asante ndiyo iliyotakiwa kusemwa, lakini yeye aliuchomoa mkono wake na kuanza kukung'uta nywele ambazo hazikuwepo kwenye shuka. Aligeuka kumtazama mdogo wake, lakini mdogo mtu alikuwa anachunguza viatu vyake. Shangazi alikuwa ameanza tena kujipepea, mbio mbio.

Ndipo simu ilipotetemeka mapajani mwa Karani. “Huyo ni mdogo wangu,” alisema kwa furaha. “Hakuna anayeingia kabla hajasalimiwa uso kwa uso. Bi Kaunta, pokea.”

Mdogo wa Kinyozi aliichukua simu, na katika kuipeleka mezani aliishika kwa namna ambayo kaka yake aliweza kuona. Msichana mwenye miwani alikuwa ameinua mikono yote miwili na kuitikisa hewani kwa furaha, vidole vimeachana. Kisha aliandika, na maneno yakatokea chini ya uso wake: “Karibu, dada. Samahani kwa kukuita ghafla. Siku hizi watu wanajifanya viziwi waingie watuuzie dawa za masikio, kwa hiyo kila mgeni namsalimia mwenyewe. Nijibu kwa mkono au kwa maandishi, unavyoweza.”

Bi Kaunta aliipokea simu. Aliinua mkono nusu, kama mtu anayetaka kupunga, akaushusha. Kinyozi alimfahamu mkewe tangu ujana wao, na alikuwa amemwona akidanganya wakusanya kodi, wachuuzi na hata mama mkwe wake bila kope kutikisika. Sasa kope zilikuwa zinatikisika. Alielekeza uso kiooni, akasema bila sauti:

“Huyu siwezi.”

Msichana alikuwa bado anasubiri, tabasamu limeanza kupungua.

Kinyozi aliona njia mbili, na zote aliziona hadi mwisho. Angeweza kutikisa kichwa tena. Mkewe angesema mtandao umekatika, Karani angemaliziwa kichwa chake na kuondoka akiwasifu, na kesho wateja wangekuja kama kawaida na kumpigia mwanamke huyu kelele usoni, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka azeeke akiitwa kiziwi kwa ajili ya mume anayepewa sifa. Na akisema, basi ng'ambo ya barabara kulikuwa na viti vipya, na kutoka hapa hadi pale ni hatua za mtu kuvuka tu.

Alilaza mashine rafuni. Alisahau kuizima, ikawa inatambaa yenyewe juu ya ubao mpaka mdogo wake alipoikimbilia. Alikwenda mezani, akamgusa mkewe begani, akaichukua simu. Alijiwekea kiganja sikioni, akatikisa kichwa mbele ya yule msichana. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, pole pole: “Si yeye. Ni mimi. Huyu alikuwa ananisemea. Sijui alama hata moja.”

Msichana alisoma, akaandika: “Nimekuelewa. Simama kwenye mwanga, sikuoni vizuri.”

Kinyozi alisogea mlangoni, kwenye mwanga. Alipoinua macho, midomo ya Karani ilikuwa inakwenda mbio, na hakuambulia kitu zaidi ya “homa” na labda “paka”. Mkewe alikuwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili, hacheki wala halii, anamsubiri. Hakuna aliyegusa kola, kwa hiyo hakujua sauti yake ilikuwa ya kiasi gani alipowatangazia:

“Jumuiya hii naingia mimi, kwa jina langu na kwa picha ya duka hili. Kiziwi ni mimi, tangu mwaka juzi, na mke wangu anasikia kuliko nyote mliomo humu. Kuanzia kesho asubuhi, kila mteja atakayekaa kwenye kiti changu ataambiwa hivyo kabla hajafungwa shuka, na atanitazama usoni aniambie anachotaka. Asiyeweza, aende ng'ambo, sitamkasirikia. Mke wangu harudii tena neno la mtu yeyote. Na wewe, Karani, upande mmoja wa kichwa chako bado: sema unataka nikumalizie mimi au mdogo wangu, ila sema ukiwa umenigeukia.”