Vitabu Viwili Kila Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi, Devayani Amma, yaani Mama Devayani, alijipaka mafuta ya nazi nyweleni, akachemsha chai, kisha akaketi barazani kumsubiri Vilasini.

Vilasini ndiye aliyekuwa akileta vitabu. Maktaba ya kijiji ilimpa begi la turubai na daftari, naye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu yake, mwavuli mkononi. Kila mwanamke alipewa vitabu viwili. Wiki iliyofuata Vilasini alivichukua, akaacha vingine, akatia alama kwenye daftari kwamba vimesomwa.

Mwaka huu Devayani Amma hakuwa amesoma hata kimoja. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, na daktari alisema hatampasua mpaka sukari ishuke. Sukari haikutaka kushuka. Alipofungua kitabu, maandishi yalikuwa kama sisimizi waliomwagiwa maji.

Lakini hakusema. Kamati ya maktaba ilikuwa na sheria yake: nyumba isiyosoma hufutwa kwenye orodha, na mleta vitabu haendi tena. Mumewe alishafariki. Mjukuu wake, Pradeesh, alikuwa kazini ng'ambo, Sharjah. Ukimwondoa muuza samaki, mtu aliyekuwa akifungua geti lile alikuwa mmoja tu.

Basi akawa anachukua vitabu viwili, anavipangusa vumbi, anavilaza mezani, na Alhamisi anavirudisha.

"Kilikuwaje hiki, Amma?"

"Ah, mwanangu! Mwisho wake umenitoa machozi."

Halafu haraka haraka anamimina chai.

Mwezi uliopita Pradeesh alikuja likizo na kishikwambi ndani ya boksi. Alikuwa amejaza humo riwaya mia mbili za lugha yao. Akamshika bibi yake vidole viwili, akamwonyesha namna ya kuvuta maandishi yakue. Yakakua, yakakua, mpaka kila herufi ikawa kubwa kama punje ya harage.

Siku ile Devayani Amma alisahau muhogo jikoni ukaungua. Alisoma akicheka peke yake, akawatukana wahusika, akawaombea dua. Ilikuwa kama kurudi kwenye nyumba aliyofukuzwa.

Kisha hofu ikamshika. Vilasini akikiona kitu hiki, atasema nini? Mwenye vitabu mia mbili mapajani anamtakia nini mtu atembee juani na viwili? Kwa hiyo kila Alhamisi alikificha kwenye pipa la mchele.

Alhamisi hii Vilasini alifika amechelewa. Kamba ya ndala yake ilikuwa imekatika, ameifunga kwa uzi. Alijitupa kwenye benchi akanyoosha miguu iliyovimba.

"Umekula?" Devayani Amma akamuuliza.

"Nitakula nyumbani."

"Sikukuuliza utakula lini. Nimekuuliza umekula?" Akamwekea muhogo na pilipili.

Vilasini alikuwa anatia tonge la pili mdomoni, kule jikoni kulipoanza kulia muziki. Wote wawili wakatega sikio.

"Amma," Vilasini akasema, "mchele wako unaimba."

"Ni redio ya jirani."

"Jirani yuko ndani ya pipa?"

Hapakuwa na la kufanya. Devayani Amma akaenda, akatoa kishikwambi, akakipangusa unga wa mchele kwa upindo wa nguo. Kidole kikagusa kioo, na uso wa Pradeesh ukatokea ukicheka.

"Bibi! Ile riwaya ya daktari umeimaliza? Juzi ulisema hulali mpaka uone kama wataoana!"

"Nitakupigia baadaye, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, akabonyeza kitufe.

Vilasini aliinamia sahani yake.

"Mia mbili zimo humu," Devayani Amma akasema. "Na vyako, tangu mwaka uanze, sijasoma hata ukurasa. Macho hayaoni. Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa nyumba yangu itafutwa kwenye orodha, usije tena." Machozi yakamtoka, ya kweli safari hii.

Vilasini akafuta mikono. "Nilijua tangu kipindi cha mvua."

"Ulijua?"

Vilasini akafungua begi, akatoa kitabu chenye jalada jipya la karatasi ya kaki. "Unakikumbuka? Kuttan, fundi wa maktaba, aliposhona upya vitabu vilivyochakaa, hiki alikosea. Nusu nzima ameishona kichwa chini. Nyumba saba zilinirudishia na matusi juu. Wewe ukaniambia mwisho wake umekutoa machozi."

Devayani Amma akajifunika uso. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Yako ilikuwa na chai njiani, kwa hiyo nikaipita nawe."

Hapo ndipo Devayani Amma alipoelewa. Tangu mvua zile, Vilasini kila akikabidhi kitabu alisoma kwanza ukurasa mmoja kwa sauti. "Nakagua kama kurasa zimetimia," ndivyo alivyokuwa akisema. Wakati mwingine alikagua hadi tatu.

"Sasa je?" bibi akauliza.

Vilasini akashika daftari asilifungue. "Sitaki kukudanganya. Miezi yote hii naandika umesoma, na mkono unakuwa mzito. Kamati ikiniuliza, siwezi kuwadanganya nikiwatazama usoni. Lazima usome, Amma, au nikufute."

Devayani Amma akatazama kitabu cha kaki. Akatazama kishikwambi. Pradeesh alikuwa amemwonyesha jambo jingine pia, jinsi ya kupiga picha maua ya uani na kuyavuta yawe makubwa.

"Kifungue," akasema. "Ukurasa wa kwanza. Usitikise mkono."

Akapiga picha. Ya kwanza alipiga kidole gumba cha Vilasini. Ya pili ilikuwa ya muhogo. Ya tatu ikawa ukurasa. Akauvuta kwa vidole viwili, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili, kisha kama mtu mzima.

Alipomaliza ukurasa, Vilasini alikuwa ameduwaa. "Kumbe huyu mwanamke ndiye aliyemficha nduguye?"

"Ina maana hujawahi kukisoma? Wewe uliyekibeba miaka yote?"

"Nani, mimi? Nikifika nyumbani kuna mume na mbuzi wa kulishwa."

"Nani anatangulia?"

"Mbuzi. Yeye halalamiki chumvi."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha Vilasini akafungua daftari, akatia alama moja, ya kweli, akaegemea nguzo kitabu kikiwa wazi mapajani mwake. "Endelea, Amma. Nimebakiza nyumba nne tu."

Ikapigwa picha, ukurasa ukasomwa. Ikapigwa, ukasomwa. Walipofika pale kurasa zilipokuwa kichwa chini, walikigeuza kitabu wakasonga mbele. Katikati ya sura ya tatu, mikono iliyoshika kitabu ikalegea. Devayani Amma akainua macho. Vilasini alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, miguu imenyooka kivulini.

Bibi hakumwamsha. Hakuthubutu kulivuta jani la kitabu lililo chini ya vidole vya Vilasini, na aliogopa kwamba akinyamaza, mwenzake atashtuka. Basi akarudi mwanzo wa ukurasa uleule, akausoma tena kwa sauti ya chini, halafu tena.